Kabla ya Kukata Tiketi ya New York

Tarehe 10 Machi 2025 Kamisheni ya Hali ya Wanawake ya Umoja wa Mataifa, ambayo wengi tunaiita CSW, ilifungua kikao chake cha 69 mjini New York. Siku hiyohiyo ya ufunguzi nchi wanachama zilipitisha tamko la kisiasa la miaka 30 ya mkutano wa wanawake wa Beijing. Kikao kilikuwa bado kina karibu wiki mbili mbele yake, na mashirika yalikuwa bado kwenye foleni ya vitambulisho. Aliyetua siku hiyo na mapendekezo ya kuongeza neno hili au kuondoa lile alikuta chakula kimeshaliwa na sahani zimeoshwa.

Rasimu ilijadiliwa wiki kadhaa kabla, katika vyumba ambavyo mwanaharakati wa Kilifi au Shinyanga hakuwa na kiti. Lakini afisa wa nchi yake alikuwa na kiti. Ushauri wote ninaoutoa hapa unaanzia kwenye jambo hilo. Mkutano wa kimataifa wa haki za wanawake huamuliwa kwa sehemu kubwa nyumbani, miezi kabla ya ndege, na kikundi kinachojua hivyo kinaweza kupata mengi hata kama hakikusafiri.

Waliotutangulia walilijua hili. Wanawake wa Afrika hawakwenda Beijing mwaka 1995 kutafuta la kusema. Novemba 1994 walikuwa wameshakutana Dakar katika mkutano wa maandalizi wa bara zima na kutoka na jukwaa lao la utekelezaji, ambamo suala la mtoto wa kike lilikuwa limepewa nafasi yake. Leo ukifungua Jukwaa la Utekelezaji la Beijing, eneo la mwisho kati ya maeneo 12 ni hilo la mtoto wa kike. Katibu mkuu wa mkutano alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, na hilo lilisaidia, lakini aya hazikuandikwa kwa sababu ya cheo chake. Ziliandikwa kwa sababu watu walifika na maneno tayari.

Jiulizeni kwanza mnataka nini

Vikundi vingi huanza na swali la nani atakwenda. Mimi ningeanza na swali jingine: mkirudi, kitu gani kitakuwa kimebadilika? Jibu likiwa ni kujulikana, kupata wafadhili na kukutana na wenzetu, si dhambi, na yapo makongamano mazuri kwa kazi hiyo. Women Deliver, lililofanyika Kigali Julai 2023, lilikuwa la namna hiyo: maelfu ya watu, meza za maonyesho, wafadhili wakipita na kahawa mkononi. Huko hakuna mkataba unaojadiliwa, kwa hiyo usiende na karatasi ya marekebisho ya aya. Nenda na maelezo ya kazi yenu ambayo mtu anaweza kuyaelewa akiwa amesimama.

Kama mnachotaka ni nchi kubadili sheria au kutekeleza iliyopo, basi kuna milango mitatu mikubwa kwa mashirika ya kwetu, na haifanani.

CSW, inayokutana New York kila Machi, ni mahali pa kutunga msimamo wa dunia. Ina wanachama 45, 13 kati yao wa Afrika, wanaochaguliwa kwa miaka minne. Kinachotoka pale ni maneno yaliyokubaliwa na serikali, ambayo baadaye mtayatumia kuidai serikali yenu. Haitoi hukumu na haimwiti waziri wako kujieleza kuhusu kesi ya mirathi ya Bukoba.

Kamati ya CEDAW, yaani ya mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, inayokaa Geneva, humwita. Wataalamu 23 husoma ripoti ya nchi, wanawasikiliza wajumbe wa serikali siku nzima, kisha wanaandika mapendekezo yanayohusu nchi hiyo peke yake. Mashirika hupeleka ripoti yao mbadala, ile inayoitwa ripoti kivuli, na hayahitaji hadhi yoyote maalumu ya Umoja wa Mataifa. Kikundi cha wajane cha wilaya moja kina haki ya kuandika sawasawa na shirika lenye ofisi kumi.

Mlango wa tatu ni Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia. Vikao vyake vikubwa vya wazi huwa viwili kwa mwaka, na kabla yake hufanyika jukwaa la asasi za kiraia linaloandaa maazimio ya kupelekwa kikaoni. Silaha yenu huko ni Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake wa Afrika, ya mwaka 2003, ambayo kwa mambo kadhaa inasema waziwazi kuliko CEDAW. Kifungu cha 20 kinahusu wajane na cha 21 kinahusu urithi. Kamisheni pia ina mwandishi maalumu wa haki za wanawake barani, na mtu huyo huandikiwa barua.

Nitasema wazi upande wangu ulipo. Kikundi kidogo chenye jambo moja linalouma nyumbani kitafaidika zaidi na Geneva au Banjul kuliko New York. Jina la New York linavutia na picha za bendera zinapendeza, lakini ukubwa wake unameza watu. Chukua shauri la wajane wawili wa Tanzania wanaotajwa kwa herufi E.S. na S.C. Baada ya waume zao kufariki walinyimwa urithi chini ya sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963. Mahakama za nyumbani hazikuwapa nafuu. Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, kikishirikiana na kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha Georgetown, kikapeleka malalamiko kwa Kamati ya CEDAW, na Machi 2015 Kamati ikasema Tanzania imevunja mkataba, iwalipe fidia na irekebishe sheria hizo za mila. Jambo hilo halikuhitaji ukumbi wa tafrija wala fulana. Lilihitaji faili safi na uvumilivu wa miaka. Njia hiyo ya malalamiko ya mtu binafsi iko wazi tu kwa nchi zilizoridhia itifaki ya hiari ya CEDAW. Tanzania iliiridhia mwaka 2006. Hakikisheni ya kwenu kwanza.

Kitambulisho, na jinsi ya kuingia bila kuwa nacho

Ili shirika lisajili wajumbe wake wa kuingia ndani ya jengo la Umoja wa Mataifa wakati wa CSW, linahitaji hadhi ya ushauri ya Baraza la Uchumi na Kijamii, ECOSOC. Maombi hufanywa mtandaoni na hayana ada. Shirika liwe limesajiliwa kwa miaka miwili angalau, liwe na katiba, viongozi wanaochaguliwa na kuwajibika, na liseme fedha zake zinatoka wapi. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 1 Juni, nayo huangaliwa mwaka unaofuata na kamati ya nchi 19.

Kamati hiyo ni ya wanasiasa, si ya makarani. Nchi yoyote iliyomo inaweza kuuliza swali, na swali likiulizwa ombi linasogezwa hadi kikao kijacho. Mashirika yanayoshughulika na haki za binadamu yamewahi kusogezwa hivyo kwa miaka. Dawa yake ni kujibu haraka, kwa upole na kwa ukamilifu, hata swali likiwa lilelile la mwaka jana. Mkipata hadhi, wekeni mahali penye kuonekana tarehe ya ripoti ya kila baada ya miaka minne. Wapo waliosimamishwa kwa sababu tu aliyekuwa akiishika nywila ya akaunti aliacha kazi.

Wakati mkisubiri, zipo njia nyingine. Shirika lenye hadhi linaweza kuwaweka watu wenu kwenye orodha yake. Waandikieni mapema, mnamo Oktoba au Novemba, mkieleza mtafanya nini kwa faida ya pande zote mbili, kwa kuwa nafasi zao zina kikomo. FEMNET, mtandao wa wanawake wa Afrika wenye makao Nairobi tangu 1988, una uzoefu mrefu wa kuwakutanisha Waafrika kwenye mikutano hii. Mkijiunga na mtandao wa aina hiyo mnapata taarifa, hata pale msipopata nafasi. Njia ya pili ni kuingia katika ujumbe wa serikali. Nchi zetu huwachukua watu wa asasi mara kwa mara, na aliyeko kwenye ujumbe huingia vyumba ambavyo wengine hawaingii. Lakini jueni gharama yake: mjumbe wa serikali hasemi kinyume cha serikali mle ndani. Mkiwa na watu wawili, mmoja awe kwenye ujumbe na mwingine abaki huru.

Njia ya tatu haihitaji kitambulisho kabisa. Nje ya jengo, hasa kwenye Kituo cha Makanisa kilicho mkabala, na mtandaoni pia, asasi huendesha mamia ya mikutano sambamba chini ya uratibu wa kamati ya mashirika ya New York, NGO CSW. Wengi huchanganya hii na matukio ya pembeni, ambayo hufanyika ndani na huandaliwa na serikali au mashirika ya Umoja wa Mataifa. Mkitaka kuwa ndani, ushawishini ubalozi wenu uandae mkutano pamoja nanyi. Mkibaki nje mnakuwa na uhuru, ila chumba kitajaa wanaokubaliana nanyi tayari. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kuandaa mkutano sambamba ni kumpata mtu mmoja wa serikali aje kusikiliza, ikibidi kwa kumpa nafasi ya kufungua. Na tafadhali, wazungumzaji watatu wanatosha. Meza ya watu saba kwa saa moja na nusu ni kongamano la salamu.

Karatasi moja, aya moja

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe, ambayo ndiyo inayorukwa.

Kila kikao cha CSW kina mada kuu, na hujulikana mapema. Mashirika yenye hadhi ya ushauri huweza kuwasilisha taarifa ya maandishi miezi kabla ya Machi: maneno 1,500 kwa yenye hadhi maalumu, 2,000 kwa yenye hadhi ya jumla. Andikeni, lakini msitegemee kwamba itasomwa na wanaojadiliana. Thamani yake kubwa ni kwamba inawalazimisha nyinyi wenyewe kukubaliana mnasema nini.

Kinachosomwa na wanaojadiliana ni rasimu. Rasimu ya kwanza ikitoka, kwa kawaida wiki kadhaa kabla ya kikao, itafuteni siku hiyohiyo kupitia mtandao wenu. Msiisome yote kwa pamoja mkitoa maoni ya jumla kwamba ni dhaifu. Tafuteni aya mbili au tatu zinazogusa jambo lenu. Kisha andikeni ukurasa mmoja ambao afisa aliyechoka, saa nne usiku, anaweza kuunakili moja kwa moja: namba ya aya, maneno ya kuondoa, maneno ya kuongeza, na sababu ya mistari miwili.

Kwa mfano, kama aya inazungumzia haki ya wanawake kumiliki ardhi na nyinyi mnashughulikia wajane, msiandike insha kuhusu mateso yao. Andikeni kwamba baada ya maneno yanayotaja umiliki yaongezwe maneno haya: “na urithi, wakiwemo wajane”. Chini yake mkumbusheni afisa kwamba maneno hayo hayana ugeni, yamo kwenye vifungu vya 20 na 21 vya Itifaki ya Maputo ambavyo nchi yake imeviridhia. Tanzania iliridhia mwaka 2007, Kenya na Uganda 2010, Rwanda 2004. Maneno yaliyokwisha kukubaliwa mahali pengine ndiyo yanayopita kwa urahisi, maana hakuna anayetaka kueleza kwa nini anakataa leo alichosaini jana. Mwenye kuleta msamiati mpya wa kupendeza huwa anampa mpinzani wake kazi rahisi.

Jueni vilevile mahali nchi yenu ilipojifunga mikono. Kenya iliporidhia Maputo iliweka pingamizi kwa vifungu viwili: 10(3) kuhusu kupunguza matumizi ya kijeshi, na 14(2)(c) kuhusu utoaji mimba katika mazingira maalumu. Kumwomba afisa wa Kenya aseme jambo ambalo nchi yake imeliwekea pingamizi ni kumpotezea muda, na mara nyingine ni kumfanya asikufungulie mlango tena. Kampeni ya kuondoa pingamizi ni halali kabisa, lakini inafanywa Nairobi.

Karatasi hiyo ipelekwe wapi? Kwanza kwa afisa wa wizara yenye dhamana ya wanawake anayeandaa ujumbe. Si lazima awe waziri. Waziri hupokea, afisa ndiye anayeandika. Pili kwa wizara ya mambo ya nje. Tatu kwa Uwakilishi wa Kudumu wa nchi yenu New York, kwa yule mwanadiplomasia anayeshika Kamati ya Tatu ya Baraza Kuu, inayohusu masuala ya kijamii na haki za binadamu, ambaye mara nyingi ndiye anayekaa kwenye majadiliano ya CSW. Jina lake litafuteni, mwandikieni, na mwambieni mko tayari kumpa takwimu na mifano wakati wowote. Huyu ni mtu mwenye kazi ya watu wanne. Anayemrahisishia hamsahau.

Nchi za Afrika mara nyingi hujadiliana kama kundi moja. Maana yake ni kwamba hoja yenu, hata nchi yenu ikiikubali, inaweza kufia ndani ya Kundi la Afrika kabla haijafika mezani. Hapa ndipo mashauriano ya Umoja wa Afrika yanayotangulia CSW yanapokuwa na uzito, na hapa ndipo urafiki na wenzenu wa Dakar, Lusaka au Windhoek unapolipa: kila kikundi kikimwendea afisa wake na maneno yaleyale kwa wiki ileile, maneno hayo hayaonekani tena kuwa ya nchi moja.

Aende nani

Kwenye sekta yetu kuna ugonjwa ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeuandika kwenye ripoti: mkurugenzi yuleyule kila mwaka. Anajua njia na anajua watu, na hiyo ni hoja ya kweli. Lakini anayejua kisa ni yule mratibu wa wilaya aliyekaa na wajane barazani, na akiulizwa swali la pili hatikisiki. Wapelekeni wawili, mzoefu na mjuzi, na mwaka ujao mjuzi awe mzoefu wa mwingine.

Kiswahili hakimo katika lugha sita za Umoja wa Mataifa. Umoja wa Afrika ulikubali mwaka 2022 kiwe lugha ya kazi, lakini ulizeni mapema kama kikao mnachokwenda kina wakalimani. Kama mama anayekwenda kutoa ushuhuda anazungumza Kiswahili, asilazimishwe Kiingereza cha kukariri. Kwenye mikutano sambamba nendeni na mkalimani wenu, na maelezo yaliyotafsiriwa yagawiwe mlangoni. Nimesikia ushuhuda mzito ukigeuka mashairi ya shule ya msingi kwa sababu tu mtoaji alikuwa anahangaika na lugha.

Visa ndiyo inayoua mipango mingi. Mkishajua mada ya mwaka, ombeni miadi ya ubalozi hata kabla fedha hazijathibitishwa. Sheria za Marekani zimekuwa zikibadilika: Juni 2025 vilitangazwa vizuizi vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo, na orodha imeguswa tena baadaye. Someni tangazo la ubalozi wenyewe na si ujumbe uliosambazwa kwenye WhatsApp. Katika barua ya shirika lenye hadhi ya ushauri, tajeni Mkataba wa Makao Makuu wa mwaka 1947 kati ya Marekani na Umoja wa Mataifa. Kifungu chake cha 11 kinawataja wawakilishi wa asasi zenye hadhi hiyo miongoni mwa watu wasiopaswa kuwekewa vikwazo wanapokwenda makao makuu. Hakikuhakikishii visa. Kinamwonyesha afisa kwamba mnajua mnakokwenda. Kwa Geneva mtahitaji visa ya Schengen, ambayo huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15.

Kuhusu fedha nitasema mawili tu. Andikeni bajeti yenye hoteli halisi ya Manhattan ya mwezi Machi, na posho isiyomlazimu mtu kushindia mkate. La pili ni onyo: kuna barua pepe za mialiko ya uongo, zenye nembo ya Umoja wa Mataifa, zinazotoa ufadhili wa tiketi kisha zinadai mlipie hoteli kwanza. Umoja wa Mataifa hautozi ada ya kujisajili kwenye vikao vyake. Mwaliko unaoomba pesa kwa uhamisho wa haraka ni utapeli, na vikundi vya wanawake vijijini ndivyo vinavyolengwa.

Mkiwa kule

Chukueni koti. Machi ya New York si ya kuvaa kitenge na kandambili, na foleni ya vitambulisho iko nje.

Kila asubuhi hudhurieni kikao cha taarifa cha asasi, halafu mkutano wa wanawake wa Afrika. Hapo mnajulishwa aya gani imekwama na nani ameikwamisha. Mkiitwa kutoa kauli ya mdomo ukumbini, mtapewa dakika tatu, na kipaza sauti hukatwa kweli. Isomeni kwa sauti na saa mkononi kabla ya kuondoka nyumbani. Anzeni na mnachotaka, kisha kisa kimoja. Shukrani kwa mwenyekiti ziishe kwa sentensi moja. Anayetumia dakika ya kwanza kuwashukuru waheshimiwa amekwisha kutoa theluthi ya hotuba yake sadaka.

Kazi kubwa hufanyika korido na mgahawani. Msimvamie mjumbe akiwa anakimbilia chumbani. Mwombeni dakika tano za kahawa, mpeni ile karatasi moja, kisha mwacheni. Jioni mtumieni ujumbe mfupi wa kumkumbusha namba ya aya. Hakuna aibu katika kukumbusha.

Tahadhari moja ambayo haina mzaha. Yanayosemwa New York au Geneva husikika nyumbani usiku huohuo. Msitaje jina wala kijiji cha mwathirika bila ridhaa yake ya kweli, ridhaa aliyoitoa akijua video itabaki mtandaoni. Msipige picha kwenye mikutano ya faragha. Mkihisi mtu wenu anaweza kusumbuliwa akirudi kwa sababu ya alichosema, waambieni mapema sekretarieti ya kikao na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Ofisi hiyo hupokea taarifa za kulipiziwa kisasi. Wekeni pia wakili nyumbani anayejua tarehe ya ndege ya kurudi.

Geneva bila kusafiri

Kwa CEDAW kazi huanza mapema zaidi. Kabla ya kikao chenyewe Kamati hutoa orodha ya maswali kwa serikali, na huo ndio wakati wa kwanza wa kupeleka maoni. Anayeingiza jambo lake kwenye orodha ya maswali ameshahakikisha litaulizwa. Ripoti ya pili hupelekwa kabla ya mazungumzo na nchi. Unganeni. Ripoti moja ya mashirika 20 husomwa vizuri zaidi kuliko 20 zinazorudia yaleyale, na mtaalamu mmoja ana nchi kadhaa za kusoma kwa wiki chache. Mwisho wa kila sura andikeni swali lililo tayari kuulizwa na pendekezo lililo tayari kuandikwa, kwa lugha ya Kamati yenyewe. Mtashangaa ni mara ngapi mapendekezo ya mwisho yanafanana na ya ripoti nzuri.

Mazungumzo na serikali hurushwa moja kwa moja kwenye televisheni ya mtandaoni ya Umoja wa Mataifa. Kama fedha ya kupeleka watu haipo, kodisheni projekta, waiteni madiwani, waandishi wa redio za jamii, wazee wa baraza na wanawake wenyewe, na angalieni pamoja, mtu mmoja akitafsiri. Waziri kujibu kuhusu mirathi mbele ya wataalamu wa dunia, huku diwani wake akitazama, ni nafasi ambayo tiketi ya ndege haiwezi kuinunua.

Kurudi

Ripoti ya safari isiandikwe kwa mfadhili peke yake. Ndani ya wiki mbili ombeni kikao na wizara, na wale wote waliokwenda, wa serikali na wa asasi. Kwa CSW pelekeni aya zilizopitishwa zinazohusu jambo lenu, kwa Kiswahili, pamoja na swali: mwaka huu itafanyika nini na kwa bajeti ipi? Ulizeni kabla makadirio hayajafungwa, maana baada ya hapo mtajibiwa kwa tabasamu. Kwa CEDAW, Kamati huchagua mapendekezo machache ambayo serikali inatakiwa kueleza utekelezaji wake ndani ya miaka miwili. Yaandikeni hayo peke yake kwenye bango la ofisi, na mwezi wa 18 anzeni kukusanya ushahidi wa ripoti yenu ya ufuatiliaji, kwa kuwa ripoti ya serikali inaweza kuchelewa, na ya kwenu haina sababu ya kuchelewa.

Wekeni na daftari la watu: jina la afisa wa wizara, mwanadiplomasia wa New York, mtaalamu aliyeuliza swali zuri Geneva, mlichomwahidi kila mmoja na kama mmekitimiza. Wanadiplomasia huhamishwa kila baada ya miaka michache. Anapoondoka, mwombeni awatambulishe kwa anayekuja, na mtumieni huyo mgeni ile karatasi ya ukurasa mmoja kabla hajafungua masanduku.